Mrejesho: ile maneno ya kuuzia majirani umeme ya jua, Bukavu

Aksanti sana ba ndugu bote mulionijibu. Niliuliza kama naweza weka ma pano ya jua na kuuzia majirani umeme bila karatasi ya serikali. Mwanasheria alinieleza vizuri: sheria ya Congo (RDC) 14/011 ya 17 Juni 2014 njo ilimaliza ile ya SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, kuwa peke yake kwa kazi ya umeme, na umeme kidogo ya kutumia mwenyewe kwako haina shida, lakini ukianza kuuza, hata kwa nyumba tatu tu, inakuwa kazi ingine, inaomba ruhusa, na ARE, ofisi ya serikali ya kule Kinshasa, njo inachunga sekta yote ya umeme. Mimi naona ni haki, juu waya mubaya inachoma kartie nzima, ila Kinshasa ni mbali sana na sisi. Sasa tunaanza na koperative, dosye itaenda kwa jina yake.