Ni lini ulitambua sauti ya mtu katikati ya kelele? Tupeane uzoefu

Mama_Mboga_Muthurwa
Jana jioni nilikuwa Muthurwa napanga sukuma kwenye gunia. Mnapajua saa kumi na mbili. Makanga wanaita, honi hazinyamazi, wauza nguo wamewasha vipaza sauti vinavyorudia bei ileile tangu asubuhi. Mtoto akaita "mama". Pale neno hilo huitwa usiku na mchana, na karibu kila mwanamke sokoni ni mama wa mtu. Mimi niligeuka kabla sijajua nimesikia nini. Alikuwa wangu wa gredi ya pili, amepotezana na dadake. Wenzangu waliokuwa karibu naye kuliko mimi hawakuinua kichwa. Nimekesha nikijiuliza, ni nini kilichonigeuza? Nani mwingine yamemkuta?

Konda_Kawangware
Kweli mama. Mziki ukipanda sisikii hata mtu akigonga bodi kwa ngumi. Akisema "shukisha", hata kwa sauti ndogo, nasikia.

Binti_Kayole
Huo ni moyo wa mama. Baba hata mtoto akilia kando ya mto wake haamki.

Baba_Pacha
Dada, usituweke wote kapu moja. Mke wangu alirudi kazini mapema, nami nikawalea pacha nyumbani mwaka mzima. Nikiwa nje naanika nguo nilijua ni yupi analia, Kulwa au Doto. Kuna utafiti uliofanywa Ufaransa na Kongo ukatolewa 2013. Baba aliyekaa na mtoto wake zaidi ya saa 4 kwa siku alitambua kilio chake sawa na mama.

Binti_Kayole
Saa nne kwa siku! Hebu tuambie wako wangapi Nairobi hii.

Baba_Pacha
Wachache. Lakini basi sababu ni muda, si kuwa mwanamke. Hilo tu ndilo ninalosema.

Kliniki_ya_Masikio
Mama Mboga, nimefanya kazi ya kupima masikio miaka kumi na moja, acha nikujibu. Sikio lenyewe halichagui. Hupokea honi, mvua na mtoto kwa pamoja, na mawimbi hayo yote hufika yamechanganyika kama githeri. Anayechambua ni ubongo. Mwaka 2000 Pascal Belin na wenzake huko Montreal waliweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha sauti za watu na sauti za vitu vingine. Ubavuni mwa ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu zilizochangamka zaidi kwa sauti ya binadamu, hata pale mtu alipokohoa au kucheka bila kutamka neno. Kwa hiyo "huyu ni mtu" ni swali ambalo kichwa kina mahali pa kulijibu. "Ni mtu gani" ni swali jingine. Na mtoto huanza mapema, maana mwaka 1980 ilionekana kwamba mtoto mchanga wa siku chache tu hupendelea sauti ya mamake kuliko ya mwanamke mwingine.

Mathare_Mto
Sikutaka kuandika hapa, lakini huyo mtoto wa Muthurwa amenirudisha Aprili 2024.

Usiku wa mafuriko. Mliolala chini ya mabati mnajua, mvua ikikaza huwezi kusikia mtu mliyelala naye kitanda kimoja. Juu ya hiyo kulikuwa na mto wenyewe, unanguruma kama lori lisilopita. Stima ilikuwa imepotea. Tulikuwa tumeshabeba watoto hadi kwa shemeji juu ya barabara, tukarudi kuchukua godoro na jiko. Nikasikia kitu. Mume wangu akasema ni paka, na kweli kulikuwa na paka juu ya mapaa, wengi, wanalia. Nikasimama. Nikamwambia huyu si paka, huyu anavuta pumzi. Paka alilia moja kwa moja. Huyu alikuwa analia, anakatika kama mwenye kwikwi, anaanza tena. Mume wangu akanishika mkono kwa nguvu, maji yalikuwa kiunoni. Akaniambia una watoto wanne. Nilimtusi, Mungu anisamehe, sijawahi kumtusi tena.

Alikuwa mvulana wa jirani, miaka mitatu. Mamake alimweka juu ya kabati akatoka na mdogo, maji yakafunga mlango nyuma yake. Mume wangu alikata ukuta wa mabati kwa panga, akampitisha pale. Ana mkono wenye kovu mpaka leo, na mtoto yuko shule.

Lakini tangu siku ile paka akilia usiku mimi nakuwa nimesimama. Kila paka.

Binti_Kayole
Dada, nimesoma mara tatu. Pole. Mungu akutunze.

Konda_Kawangware
Nimesimamisha gari kuisoma hii.

Jua_Kali_Kamukunji
Anachosema kuhusu pumzi ni kweli. Sisi tunagonga mabati mia kwa pamoja. Mwenzangu alikatwa kidole nikasikia yowe lake katikati ya nyundo zote.

Kliniki_ya_Masikio
Yowe lina ukali wake. Utafiti wa 2015 ulionyesha sauti ya yowe hutetemeka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Maneno ya kawaida hupanda na kushuka mara chache tu kwa sekunde. Mtetemo huo hugusa ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu.

Dereva_wa_Mbuga
Si watu tu. Huko Amboseli watafiti waliwachezea ndovu sauti za wanaume wa Kimaasai na wa Kikamba wakisema jambo lilelile, matokeo yakatoka 2014. Kwa Mmaasai walijikusanya na kuondoka, kwa Mkamba wakatulia zaidi. Sauti za wanawake na wavulana hazikuwatisha sana.

Mwana_Machakos
Hata ndovu wanatujua sisi watu wa amani.

Kitinda_Mimba
Mimi nina upande mwingine. Baba alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Anasikia vizuri, maneno anayaelewa, anajua anayeongea ni mtu. Ila hajui ni nani. Akiniona uso ananiita jina. Nikimpigia simu kutoka Umoja ananiuliza, "Naongea na nani?" Mara ya kwanza nilikaa ngazini nikalia. Mwezi jana mtu alimpigia akajifanya mimi, Baba akamtumia elfu nne.

Jua_Kali_Kamukunji
Mnunulie kile kifaa cha sikio.

Kliniki_ya_Masikio
Hapana, sikio lake ni zima. Kifaa kitamwongezea kelele tu. Mwambie daktari wa mishipa ya fahamu kwamba ni sauti za watu anazopoteza, kwa maneno hayohayo.

Baba_Pacha
Mnyang'anye simu.

Binti_Kayole
Usimnyang'anye! Wekeni neno la siri la nyumbani.

Kitinda_Mimba
Hilo la neno nimelijaribu sasa hivi. Nimeanza na jina alilokuwa akiniita nikiwa mdogo, la yule ndama aliyenipiga teke. Amecheka, akaniuliza kama nimekula.

Mama_Mboga_Muthurwa
Mathare_Mto, uko macho? Tafuta mtu wa kuongea naye kuhusu hao paka, si sisi peke yetu.

Mathare_Mto
Niko. Hapa kumeanza kunyesha. Kuna kitu kinalia nje. Nimekisikiliza mara mbili. Ni paka.