Ubuntu 24.04: nimeweka NOPASSWD kwenye sudoers, bado inadai nywila

Kaunta_ya_Mbele:
Wakuu, heshima kwenu. Kompyuta ya kaunta inatumia Ubuntu 24.04. Foleni ya printa ikikwama inabidi kuwasha upya CUPS (huduma ya uchapishaji), na wahudumu hawajui nywila, maana akaunti inajifungua yenyewe asubuhi. Kwenye /etc/sudoers (faili la sheria za nani anaweza kutumia sudo kuendesha amri kama root, msimamizi mkuu), chini ya mstari wa root, nimeongeza mstari wa kutodai nywila (NOPASSWD) kwa akaunti hiyo, iitwayo kaunta:

`kaunta ALL=(ALL) NOPASSWD: ALL`

Bado inadai nywila. Nikaunakili mstari huo kwenye /etc/sudoers.d/kaunta.conf, hali ni ileile. Akaunti imo kwenye kundi la sudo. Nakosea wapi?

Fundi_Kiini:
Mkuu, makosa ni mawili. sudo husoma sheria kutoka juu kwenda chini, na ya mwisho inayolingana ndiyo inayoshika. Mstari wako ulikaa juu ya `%sudo ALL=(ALL:ALL) ALL`, na kaunta yumo kwenye kundi hilo, kwa hiyo sheria ya kundi ikaja baadaye ikaifunika yako. Kuhamia sudoers.d ni sahihi, kwa sababu @includedir, mstari unaoita mafaili ya folda hiyo, uko mwisho wa /etc/sudoers. Kilichokuangusha huko ni nukta: faili lenye nukta kwenye jina, au linaloishia na ~, linarukwa kimyakimya. Liite `kaunta` tu.

PwaniRoot:
Kabla hujabadili jina, tafadhali ondoa hiyo ALL ya mwisho. Akaunti inajifungua yenyewe, kwa hiyo yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho atakuwa root. Toa ruhusa ya amri moja, ya kuwasha upya CUPS. Fungua faili kwa visudo, kisha andika mstari unaofuata:

`sudo visudo -f /etc/sudoers.d/kaunta`

`kaunta ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart cups`

visudo hukagua uandishi kabla ya kuhifadhi. Ukilihariri faili moja kwa moja kwa kihariri cha kawaida kama nano, herufi moja inaweza kukufungia nje. Acha dirisha la pili wazi likiwa na `sudo -i` (yaani tayari ukiwa root) mpaka umalize kujaribu. Ukiwa na akaunti nyingine ya msimamizi, mtoe kaunta kwenye kundi: `sudo deluser kaunta sudo`, kisha atoke na kuingia upya. Ila futa kwanza ule mstari wa /etc/sudoers! Sasa hivi umefunikwa na sheria ya kundi. Ukimtoa kwenye kundi ndipo utaanza kufanya kazi, na ALL yake nzima.

Kaunta_ya_Mbele:
Nimefuata yote, asanteni. Lakini `sudo systemctl restart cups.service` inadai nywila.

Fundi_Kiini:
Kinachofuata jina la amri lazima kilingane herufi kwa herufi na ulichoandika. Uliruhusu `restart cups`, umeandika `restart cups.service`. Ukizitaka zote mbili, ziandike zote, ukizitenganisha kwa mkato. Usikimbilie kinyota: `systemctl restart *` inampa huduma zote za mashine. Kisha jaribu ukiwa ndani ya akaunti ya kaunta:

`sudo -k`
`sudo -n systemctl restart cups`

Bila -k unaweza kudanganyika, kwa sababu ukishaweka nywila Ubuntu haikuulizi tena kwa dakika 15, ukadhani sheria imeshika. Na -n hukataa papo hapo badala ya kuuliza.

Kaunta_ya_Mbele:
Imekubali. Nina pia skripti /home/kaunta/futa.sh yenye `cancel -a` ya kufuta kazi zilizokwama. Niiongeze hivyohivyo?

PwaniRoot:
Isikae /home, mkuu. Hata ukiifanya mali ya root, folda ni ya kaunta: anaweza kuifuta na kuweka nyingine kwa jina lilelile, nayo ikaendeshwa kama root. Ihamishie /usr/local/sbin/futa-foleni, `chown root:root` (iwe mali ya root), `chmod 755` (root pekee aweze kuibadilisha), kisha:

`kaunta ALL=(root) NOPASSWD: /usr/local/sbin/futa-foleni ""`

Hizo alama mbili mwishoni zinaizuia kupokea neno lolote la ziada. Ndani ya skripti andika njia kamili, /usr/bin/cancel.