Mtoto wa Turkana na Kiingereza: kianze lini?

Ubao Mweusi:
Swali ni moja, naomba tusilikimbie. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya ni kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule, kisha darasa la nne Kiingereza kishike usukani. Nendeni Loima au Kibish kule Turkana, au North Horr ya Marsabit, mkaone. Lugha ya asili ina vipindi 2 vya dakika 30 kwa wiki, Kiingereza kina 5. Kitabu cha hesabu cha gredi ya 1 chenyewe ni cha Kiingereza, kwa hiyo mwalimu anatafsiri papo hapo, na kila mwalimu ana tafsiri yake. Leo kutoa ni "kuondoa", kesho mwingine anasema "kupunguza". Je, tuanze Kiingereza mapema kabisa, au tukisogeze hadi gredi ya 5?

Chaki Moja:
Kianze chekechea. Mtihani wa gredi ya 6 unakuja kwa Kiingereza, karatasi zote isipokuwa ya Kiswahili. Halafu Kiturkana chenyewe mtakiandikaje? Chukua neno ngakipi, yaani maji. Ile i ya mwisho ni pumzi tu. Mtoto aandike herufi asiyoisikia?

Akai:
Chaki, e ya mwisho kwenye neno la Kiingereza "make" wewe unaisikia? Mbona hiyo haikusumbui?

Ugumu wa maandishi ya Kiturkana hauko hapo. Irabu ni 9, herufi ni 5. Ukiacha a, kila moja ya zile nne inabeba sauti mbili. Maneno mawili tofauti yanaweza kuandikwa sawasawa, na msomaji anayatenganisha kwa kusoma sentensi nzima. Ndiyo maana ukianza na ba-be-bi-bo-bu, njia inayofaa sana kwa Kiswahili, watoto wanaimba ubaoni vizuri ajabu na kitabuni hawasomi. Anza na sentensi fupi wanayoijua kwa mdomo, toa neno moja, ndipo ulivunje silabi.

Na hesabu je? Kiturkana kinahesabu kwa ngakan, tano. Sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, hadi tisa. Mtoto anayehesabu mbuzi tayari anajumlisha. Mpe vijiti 5 mkono mmoja na 2 mkono wa pili, jibu analo mdomoni. Ukimletea "seven" siku ya kwanza umemwondolea ngazi. Kiswahili nacho hakimsaidii hapo: sita, saba na tisa kiliziomba kwa Waarabu.

Mwana Kibaha:
Kiliziomba?! Polepole, ndugu yangu. Fungua kamusi: mtandatu ni sita, mfungate ni saba, kenda ni tisa. Bibi harusi anakaa fungate, na asili yake ni siku saba. Kuazima si kuomba. Ninyi wenzetu Kiswahili kimewashinda ndiyo maana mnajaza lugha tatu kwenye darasa moja. Sisi Tanzania tangu 1967 shule ya msingi ni Kiswahili. Kwisha.

Chaki Moja:
Basi kesho nenda sokoni uombe ndizi mtandatu na maembe kenda, utuletee majibu.

Bi Rula:
Kwisha kwa nani, kaka? Kwa mtoto wa Kihadzabe wa Yaeda Chini, ambaye lugha yake ina vidoko (milio ya ulimi) na haina undugu wowote na Kiswahili, hicho Kiswahili chako ndicho Kiingereza chake. Tena wenu akifika kidato cha kwanza, Bayolojia inageuka Kiingereza usiku mmoja. Sisi tunaanguka gredi ya 4, ninyi mnaanguka miaka kadhaa baadaye.

Mwana Kibaha:
Dada, wetu anaanguka akiwa anajua kusoma. Wako anaanguka bila hata hicho. Na hoja yangu ya mfungate haijajibiwa.

Mpaka wa Moyale:
Marsabit mmeitaja mara moja tu, kisha mkaisahau. Ng'ambo ya mpaka wa Moyale, upande wa Ethiopia, watoto wanasoma Kioromo kwa herufi za Qubee, yaani za Kilatini, tangu 1991. Kiborana cha upande wetu ni lugha hiyohiyo kwa tofauti ndogo, kwa hiyo vitabu vinaweza kuvuka. Wengi hawajui tatizo linakuja wapi: kwenye Qubee, x ni t ya kupasua (inatamkwa kwa kubana koo), q ni k ya kupasua, c ni ch ya kupasua. Mtoto aliyezishika vizuri anakutana na "box" ya Kiingereza anaipasua. Dawa ni kuzichelewesha herufi hizo tatu katika Kiingereza, msizilete zote wiki moja na Kioromo.

Na "lugha ya eneo" pale Loiyangalani ni ipi? Kuna Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo. Waelmolo wenyewe walishahamia Kisamburu.

Ubao Mweusi:
Nimeuliza Kiingereza kianze lini, nimepewa fungate na maembe.

Akai, njia yako inamtaka mwalimu anayeijua lugha. Wa chekechea wanaajiriwa na kaunti, wengi ni wenyeji. Kuanzia gredi ya 1 mwajiri ni TSC, tume ya kitaifa ya walimu, na ile sera yake ya 2018 ya kuwapeleka walimu mbali na kwao ilikoroga mambo hata pale yalipokuwa yamekaa sawa. Kwa hiyo lugha haikatiki gredi ya 4 kama sera inavyosema. Inakatika mlangoni pa gredi ya 1.

Akai:
Basi mwalimu wa chekechea apande na watoto wake hadi gredi ya 3. Kiingereza kiwe cha mdomo tu mwaka wa kwanza: simama, lete, fungua, chora. Herufi zake zisubiri hadi mtoto asome sentensi nzima ya Kiturkana bila kushika kwa kidole.

Chaki Moja:
Apande kwa mshahara wa nani? Kaunti haimlipi mtu kufundisha gredi ya 2, na TSC haimtambui.

Mwana Kibaha:
Bado nasubiri mtu akanushe mfungate.