Nimfungie geti mwanangu au aendelee kulala ndani? Naombeni ushauri

Mama wa Maandazi
Habari zenu. Huwa nasoma tu humu, leo nimeshindwa kunyamaza. Nina miaka 58, mjane, nakaa Mbagala, napika maandazi. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 29 na anakula unga, yaani heroini, mwaka wa sita sasa. Alikuwa fundi umeme mzuri, nyaya zote za nyumba hii alizitandaza yeye.

Siwachoshi na orodha ya vilivyoondoka. Mtungi wa gesi umeondoka mara mbili, na huo wa pili niliununua kwa hela ya mchezo zamu yangu ilipofika. Siku hizi naoga na simu.

Kaka zangu wanasema nimfukuze. Lakini mwezi wa tatu alikamatwa na nondo za watu, nikakuta wameshaanza kutafuta tairi. Nililipa laki na themanini nikamchukua, damu zinamtoka puani. Tangu hapo akiniomba elfu mbili natoa, maana najua asipoipata kwangu ataifuata kwa watu. Yaani namnunulia sumu mimi mwenyewe ili asichomwe moto. Nifanyeje?

Ngosha Mkavu
Badilisha kitasa, mchezo umeisha. Jitu la miaka 29 unalilea la nini? Utatangulia kaburini wewe.

Bi Mkubwa wa Tanga
Ngosha, wewe hujazaa. Dada yangu, pole sana. Mie wangu alikuwa wa pombe, si unga, lakini nilichojifunza ni kwamba huwezi kubana peke yako. Mie nabana, shangazi yake anamtumia kwa simu, na bibi yake anauza kuku. Ilibidi niwaite wote, nikapika pilau kabisa, tukakubaliana neno moja: hela taslimu hapewi na yeyote. Kula atakula, akiugua tutampeleka. Shangazi alininunia miezi miwili. Na hao kaka zako wanaosema fukuza, waulize nani kati yao atampeleka hospitali.

Mtumishi
Mama, hayo ni mapepo. Mlete kwenye maombi.

Kijana wa Dozi
Shikamoo mama. Mimi nimekula unga miaka tisa, na sasa niko kwenye dozi ya methadoni, dawa ya hospitali ya kuachia unga, mwaka wa saba, kwa hiyo nakuambia kutoka upande wa mwanao.

Ile elfu mbili haimzuii kuiba. Inamfikisha mchana tu, jioni arosto inarudi: mifupa inauma, tumbo linakata, machozi na kamasi. Hapo hata aliyekula kwako asubuhi ataiba. Na ile laki na themanini, samahani mama, imewafundisha watu kwamba akikamatwa wewe unalipa. Nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa sasa hivi, kabla hajashikwa tena. Waambie wazi: ni mgonjwa, akikosea apelekwe polisi asipigwe, mniite, lakini silipi.

Mama yangu alifunga mlango saa tatu usiku, kila siku. Hakunitukana hata mara moja. Nikija saa sita nakuta sahani imefunikwa dirishani, na mkeka barazani. Nilimchukia sana kwa ule mkeka.

Upande wa dawa: Mbagala uko karibu na Hospitali ya Temeke, kliniki ya methadoni ipo pale tangu 2014. Muhimbili ndiyo ilianza, 2011. Ni bure. Dozi inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, hata sikukuu, wala si ya mwezi mmoja, ni miaka. Wanaanza na kidogo wanapandisha taratibu, kwa hiyo wiki za mwanzo usitegemee muujiza. Nauli usimpe mkononi, panda naye daladala.

Ukiamua soba house, zile nyumba za kukaa watu wanaoacha unga, kaikague kwanza na uulize wakaaji wenyewe wanakula nini. Halafu jambo moja usilisahau: mtu akikaa miezi bila unga, mwili unasahau. Akitoka akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa palepale. Nimezika wawili hivyo.

Mama wa Maandazi
Marahaba mwanangu. Nimesoma huku nalia. Akigoma kwenda je?

Kijana wa Dozi
Atagoma. Mimi niligoma mara nne. Usimwambie akiwa na stimu, atakuitikia kila kitu halafu asahau. Mwambie asubuhi arosto inapoanza, maneno machache, kisha unyamaze. Ukishindwa, piga 119 ya Mamlaka ya Dawa za Kulevya, hawakati salio.

Bi Mkubwa wa Tanga
Na huyo mtoto mwingine ndani, kama yupo, msikilize naye. Mie wangu mdogo nilimsahau kabisa.

Mama wa Maandazi
Yupo, wa kike, kidato cha nne. Jana nilimuuliza, akasema anataka tu kulala bila kuweka kiti mlangoni.

Mjumbe nimeshaongea naye. Leo nimenunua kitasa. Fundi alitaka elfu kumi na tano kukifunga, mwanangu akapita akasema, "Anakuibia huyo mama, lete bisibisi." Amekifunga mwenyewe. Nikamwambia ni cha kukufungia wewe, kuanzia saa tatu. Akasema anajua.

Mkeka ninao. Kuhusu Temeke amesema "labda Jumatatu". Kijana wa Dozi, tukifika pale tunaulizia wapi?

Kijana wa Dozi
Muulizeni mlinzi getini, wanatujua sote. Mfike asubuhi mapema, na mbebee chai kwenye chupa.