Tupeane uzoefu: imani yako ilikuwaje ulipokuwa unamuuguza mpendwa wako?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Huu ni mwaka wa tatu tangu figo za mume wangu zishindwe kufanya kazi, na mara tatu kwa wiki husafishwa damu kwa mashine, kila mara kwa saa nne hivi. Mshipa uliounganishwa kwa upasuaji mkononi mwake kwa ajili ya mashine hiyo hutetemeka ukiugusa, nami kila usiku huuwekea kidole kuhakikisha bado unavuma, ndipo nisali. Kilichoniumiza kuliko ugonjwa wenyewe ni ndugu katika Kristo waliotuambia kwamba angekuwa na imani angalikwisha kupona. Kwa miezi mingi nilitafuta dhambi ambayo hatujaitubu, hadi niliposoma upya 2 Timotheo 4:20, ambapo Paulo, mtu ambaye Mungu alimtumia kuponya wengi, anaandika kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, wala hamlaumu kwa lolote. Mliouguza, tuelezeni: mliombaje siku ambazo maneno yaliwakauka?

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, dada. Mama yangu aliugua saratani, na kwa muda mrefu nilimsomea mistari ya ushindi peke yake, nikidhani ndiyo itakayomtia nguvu. Jioni moja nilichoka, nikafungua Zaburi ya 88, ambayo tofauti na zaburi nyingi za maombolezo inaishia gizani. Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliniomba niirudie. Alifariki baada ya siku chache. Sijui kwa nini hakupona, na nimeacha kumtafutia Mungu sababu, ila kuomba sijaacha.

Mchangiaji wa pili: Mwanangu alipona saratani ya damu, na jambo hili nalisema kwa uangalifu. Wazee wa kanisa walimpaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, na alasiri hiyohiyo tukarudi wodini kwa ajili ya dawa yake. Kitanda cha jirani, mama aliyekesha akiomba kuliko mimi alimzika mtoto wake. Kwa hiyo ninaposhuhudia sisemi kwamba niliamini sana. Nasema nilirehemiwa, na yule mama namtaja katika sala hadi leo. Dada, mumeo akiwa kwenye mashine, nani hukaa nawe?