Wapenzi wa Amitabh Bachchan: roli gani ilokushika zaidi?

Mkomani_Amu:
Asalaam aleikum wapenzi wa picha za kihindi. Mi ni wa Amu, yani Lamu, na kwetu Amitabh hakuna alotufundisha, tumekua naye tu. Wakati wa kaseti kina mama walikua wakikusanyika kwa mwenye deki na wanamjua Amitabh kama wanavyomjua mtoto wa jirani, na mpaka leo barazani ukitaja jina lake tu kahawa inapoa watu wanabishana. Basi nauliza hapa, roli yake gani ndo kubwa kuliko zote?

Mi naanza. Vijay wa Deewaar, 1975. Ile picha mtoto anapiga watu viatu rangi, tajiri anamtupia hela chini, mtoto anakataa kuziokota, anataka apewe mkononi kama mtu alofanya kazi yake. Alafu akishakua mkubwa anakua hamali bandarini Bombay, wahuni wanakusanya hela za hamali kila wiki, yeye anakataa. Wanamtafuta mji mzima, wakirudi godauni yao wanamkuta amekaa humohumo ndani anawangoja, miguu juu! Anafunga mlango anampa mkubwa wao ufunguo anamwambia atautoa mfukoni mwake mwenyewe akimaliza. Na hapigi kelele jamani, muangalieni vizuri, sauti iko chini kabisa. Msanii mwengine angenguruma pale. Yeye hasira yote iko kwa macho na vile anavyokaa, ndo maana wale wako wengi na ni yeye mmoja lakini unawaonea huruma wao.

Na ile beji yake ya hamali, namba 786, Rahim Chacha, mzee wa pale bandarini, anamwelezea kwamba kwa waislamu ni namba ya heri aitunze, na kweli inamzuilia risasi. Nyumba za Amu pale watu wote walikua wakivuta pumzi, namba ile kwetu si ngeni.

Sasa kitu nataka mnisaidie. Sote tunajua steringi hafi, adui ndo afe. Huyu Deewaar anakufa, Sholay anakufa, Muqaddar Ka Sikandar anakufa, Agneepath pia, na watu wanalia alafu wanaitaka tena ileile. Kwa nini kwake tunakubali? Mwengine akifa picha watu huinuka wamekasirika.

BintiLangoni:
Waaleikum salaam kakangu. Deewaar nzuri lakini mimi ni Jai wa Sholay na ntakufa na Jai wangu.

Watu wakiongea Sholay wanaongea Gabbar yule jambazi na Dharmendra, yule Veeru rafiki yake Jai, juu ya tangi la maji, sawa, lakini kuna kipande hakina neno hata moja. Jioni, yule mjane Radha kavaa nyeupe anapita barazani juu kule anazima taa moja moja, na Jai amekaa nje chini anapiga kinanda cha mdomo anamwangalia. Basi. Hawasemezani. Kila siku vile. Ile ndo mapenzi yote ya Jai katika picha nzima na mimi wallahi naona inashinda nyimbo kumi za kukimbizana kwenye maua. Na yale mato ya Amitabh pale hayaigizi, maana Radha ni Jaya Bhaduri na walikua wameoana 1973 kabla hata Sholay haijatoka. Mama yangu akifika hapo husema nyamazeni, na hakuna aloongea.

Na jibu la swali lako liko hukohuko Sholay. Ile sarafu. Kila wakibishana na Veeru nani afanye nini Jai anarusha sarafu, na kila mara ni yeye anashinda, mwisho anabaki nyuma darajani kupigana peke yake eti sarafu imesema. Akishakufa ndo Veeru anaitizama, pande zote mbili ni sawa! Yani alikua anachagua mwenyewe muda wote, alichagua kufa rafiki yake aishi akaoe. Sasa huyo utamkasirikia vipi? Steringi anaeuawa ni ameshindwa. Anaetoa roho yake hajashindwa na mtu, kwangu mimi tofauti ni hio.

MzeeWaMaweni:
Salaam wanangu. Mimi niko Malindi na picha hizi nimeziona zikiwa mpya.

Binti kasema kweli, naongezea kidogo. Kabla ya Amitabh steringi wa kihindi alikuwa mpenzi, Rajesh Khanna, anaimba, anainamisha kichwa, wanawake wanazimia. Amitabh ameanza 1969 na Saat Hindustani na miaka ile ya mwanzo picha zake nyingi zilianguka, mrefu mno, mwembamba, na hata redio ya India walishamkataa sauti yake, sauti ile ile ambayo baadae ndiyo wakaitafuta isimulie picha ya Lagaan. Ikaja Zanjeer 1973. Yeye ni inspekta, Pran ni Sher Khan anaingia kituoni anataka kukaa, Amitabh anaipiga teke kiti kabla hajakalia, anamwambia hapa ni kituo cha polisi si nyumba ya baba yako. Mkumbuke Pran ndiye alokuwa jina kubwa pale, huyu kijana hajulikani. Kwa teke lile enzi za wapenzi zikaisha.

Waloandika Zanjeer, Deewaar na Sholay ni walewale wawili, Salim na Javed. India wakati ule vijana hawana kazi, bei ziko juu, 1975 serikali ikatangaza hali ya hatari. Watu hawakutaka wimbo, walitaka mtu mwenye hasira kama yao. Na sisi huku tuloyajua maisha ya kubeba mizigo hatukuhitaji kujua kihindi kuifahamu hasira ile.

Kuhusu kufa, tazameni Coolie. Julai 1982 Bangalore wakirikodi kipande cha ngumi akaumia tumboni vibaya sana, akawa kati ya kufa na kupona, India nzima msikitini hekaluni kanisani wanamuombea. Alipopona, Manmohan Desai mwongozaji wa picha akabadilisha mwisho. Kwenye hadithi ya kwanza yule hamali anakufa, baada ya ajali wakasema hapana, huyu ataishi. Na kile kipande alichoumia wamekisimamisha kwenye picha na maandishi juu kukuonyesha ni hapa. Coolie pia beji yake ni 786 na safari hii yeye mwenyewe ni Iqbal, muislamu. Picha ilitoka 1983. Nilivyoiona watu walipiga makofi kile kipande kilivyosimama, ukumbi mzima.

Shela_Dogo:
Heshima mzee. Lakini mbona wote mnaongea miaka ya sabini tu, mimi Amitabh wangu ni yule wa ndevu nyeupe na naona huyo ndo msanii zaidi. Baghban 2003, wazee wawili watoto wanagawana, baba aende kwa huyu mama aende kwa yule, miezi sita sita kama mzigo. Nyumbani kwetu shangazi yangu haimalizi ile, anatoka nje. Alafu Black, mwalimu wa mtoto kipofu na kiziwi, mwisho yeye mwenyewe anasahau kila kitu na mwanafunzi ndo anaanza kumfundisha yeye neno la maji. Na Paa 2009! Anaigiza mtoto wa miaka 12 mwenye ugonjwa wa kuzeeka haraka, na anaeigiza babake ni Abhishek, mtoto wake wa kuzaa. Dakika kumi za kwanza namtafuta Amitabh simwoni, namwona mtoto. Tuzo ya taifa ya India ya msanii bora ameichukua mara nne, Agneepath, Black, Paa na Piku, hesabuni wenyewe tatu ni za uzeeni.

Mkomani_Amu:
Dogo umenipa kazi, Paa sijaiona nzima ntaitafuta. Ila Vijay wangu simwachi. Binti lile la sarafu limenikaa, na Deewaar kweli ni hivo hivo, alijua mamake atakua hekaluni na polisi wamemzunguka, akaenda akijua.

MzeeWaMaweni:
Dogo uko sawa, uzeeni amezidi. Lakini nyote mmeiruka moja, Anand ya 1971, kabla ya teke la kiti. Humo mgonjwa ni Rajesh Khanna, anachekesha kila mtu na yeye ana saratani, na Amitabh ni daktari mkali mkimya asiyeweza kumponya. Yaani humo yeye ndiye anayebaki hai, na kubaki kule ndiko kunakouma. Anatoka mbio kutafuta dawa, anarudi rafiki keshakufa, anamfokea aseme, ongea na mimi, alikuwa akimkataza kuongea sana siku zote. Kihindi chake chepesi, utafahamu hata bila maandishi ya chini. Aloiona aseme.

BintiLangoni:
Mimi nimeiona mzee na mama pia. Nakubali iko na Sholay pamoja, si chini yake. Mkomani anza na hio kabla ya Paa.