Mrejesho: mapezi ya kuzamia niliyoyachagua

Niliuliza iwapo mwanafunzi wa uzamiaji anunue mapezi (yale mapana yanayovaliwa miguuni kusukuma maji) yanayofunika wayo wote pamoja na kisigino, au yenye kisigino wazi na mkanda. Nawashukuru, ndugu zangu. Nimechukua ya kisigino wazi, kwa kuwa huku Nungwi, Zanzibar, maji yakipwa tunatembea juu ya mawe makali kabla ya kuifikia boti, na viatu vya mpira vinavyovaliwa ndani yake huikinga miguu. Kosa langu lilikuwa kuyajaribu dukani peku: nilipovaa viatu hayakuingia, ikanibidi nirudi kuomba saizi kubwa zaidi. Yale marefu na magumu niliyoyatamani (tamaa ya macho tu) niliyaazima siku moja, yakanikaza misuli ya mashavu ya miguu. Haya ya ugumu wa wastani nayapiga kuanzia nyongani bila kuchoka.